Friji ya 2013 nimeilipa mara ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa Mtwara, hasa wa Shangani na Mikindani, wanaopangisha nyumba zenye samani.

Mimi ni mtumishi wa umma, mwanamke, mzaliwa wa Newala. Januari 2023 nilihamishiwa Mtwara mjini kutoka Dodoma. Mume na watoto walibaki kule na vyombo vyetu vyote, na sikuona maana ya kukodi fuso ivushe kabati nusu ya nchi kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia dalali anitafutie nyumba yenye vitu ndani. Siku ya tatu akanipeleka Shangani, nyumba mbili pacha ndani ya uwanja mmoja, bahari unaisikia ukiwa kitandani. Moja tupu, anakaa mwalimu. Ya pili ina samani. Vyumba ni vilevile, rangi ileile, mwenye nyumba yuleyule. Mwalimu analipa 250,000 kwa mwezi, mimi nikaambiwa 400,000. Nikalipa miezi sita, amana ya mwezi mmoja, na mwezi wa dalali.

Kukabidhiwa nyumba kulichukua kama dakika kumi. Dalali anafungua mlango, anafunga, anafungua mwingine. Mkataba ulikuwa na mstari mmoja tu kuhusu vitu vile: "pamoja na samani zote zikiwa katika hali nzuri." Nikasaini. Kosa hilo ni langu na nalikubali.

Usiku wa kwanza nikagundua kwamba godoro lina bonde katikati, na kila ukijigeuza unarudishwa bondeni. Asubuhi nikainua godoro: chaga tatu zimevunjika, zimeshikiliwa na tofali. Bafuni kulikuwa na hita ya maji ya moto, mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani. Chumbani hakuna feni. Mtwara, Januari, hakuna feni! Nilijiuliza kama aliyefunga ile hita aliwahi kulala humo hata usiku mmoja. Nikanunua feni yangu kwa 65,000. Ikumbukeni hiyo feni.

Wakongwe wa hapa wanajua samani hizi zilitoka wapi. Zama zile habari za gesi zilipopamba moto, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijazinduliwa mwaka 2015, kila mwenye kiwanja Shangani alitarajia mgeni wa kampuni. Vitanda vikanunuliwa, makochi yakapangwa, bei zikatajwa kwa dola. Wageni wale wamepungua. Bei imeteremka kidogo. Makochi ni yaleyale.

Sasa nije kwenye friji.

Kumi la kati la Ramadhani, Machi 2024, umeme ulikatika mchana, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Friji ikakoroma mara moja kama mtu anayegeuka usingizini, ikanyamaza. Ndani nilikuwa na kolekole kilo mbili, juisi ya ukwaju na maziwa ya wageni wangu wa futari. Kesho yake akaja fundi. Akailaza friji ubavu, akagusa chini, kipande cha bati kikabaki mkononi mwake. Kutu tupu. Nyumba iko karibu na bahari, chumvi inakula hata nondo za madirisha, sembuse bati la friji. Akanionyesha karatasi ya kiwandani nyuma: mwaka 2013. Kompresa imekwisha, akasema, na kubadilisha na kujaza gesi ni 280,000, lakini hanishauri. "Mama, hii haijafa leo. Leo wewe umeletewa tu taarifa ya msiba."

Nikampigia mwenye nyumba, anaishi Dar es Salaam. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, habari za funga, nzuri. Nikamweleza. Akasema, "Lakini mwanangu, mimi nilikukabidhi friji inafanya kazi." Nikasema ndiyo baba, ilikuwa inafanya kazi, na mimi nimeitumia kama friji inavyotumiwa. Kimya. Kisha akasema ana nyingine, ataituma kwa lori.

Mei kikaja kimbunga Hidaya, mvua zikaikata barabara kuu huku Lindi, na magari yakakwama. Hapo sikuwa na la kusema, kila mtu wa kusini alikuwa anasubiri kitu kutoka Dar es Salaam. Barabara ikatengenezwa. Mabasi yakapita, malori ya saruji yakapita. Friji haikupita. Miezi tisa nikawa nagandisha samaki wangu kwa jirani, yule mwalimu anayelipa 250,000.

Ni pale mlangoni kwake, jioni moja nikiwa na kisahani cha samaki aina ya changu mkononi, ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza. Tofauti ya kodi yake na yangu ni 150,000 kwa mwezi. Hiyo hailipii kuta wala bati, maana kuta na bati tunazo sawa. Inalipia vile vitu vya ndani, basi. Kwa miezi 24 niliyokaa ni 3,600,000. Nikazunguka maduka ya mjini na mafundi seremala nikauliza bei za vitu vipya vya aina ile: friji 750,000, jiko la gesi lenye oveni 600,000, vitanda viwili 500,000, magodoro mawili 400,000, makochi 900,000, meza ya chakula na viti vyake 350,000. Jumla 3,500,000. Yaani kwa miaka miwili nimeinunua nyumba nzima ya samani mpya, nikabakiwa na 100,000 ya kupakia kwenye gari, na bado nilikuwa nalala bondeni.

Silalamikii faida. Mtu ameweka mtaji wake, lazima ale. Ninachosema ni kwamba ile 150,000 ndani yake kuna kuchakaa. Godoro linapobonyea kwa kulaliwa, mpira wa mlango wa friji unapolegea, kochi linapopauka kwa jua la dirishani, hayo mpangaji ameshayalipia mwezi baada ya mwezi. Kumwambia anunue kingine ni kumtoza mara mbili. Na mwenye nyumba anayekula yote bila kuweka akiba ya godoro lijalo anakula mtaji wake mwenyewe, halafu anamtafuta mpangaji amrudishie.

Najua wenye nyumba nao wana vilio vyao, kwa sababu nimelelewa na mmoja. Mama yangu ana vyumba vitatu Newala, kila kimoja kina kitanda, godoro, meza na kiti. Msimu wa korosho vinajaa watu wanaokuja kwa miezi michache. Mmoja aliondoka na pazia, balbu na kufuli. Mwingine aliweka pasi ya moto juu ya meza akaenda kupokea simu.

Mama hakusoma sana, lakini ana daftari. Mpangaji akija wanazunguka chumba wote wawili, mama anataja, mpangaji anaandika kwa mkono wake: meza, ya 2019, mguu mmoja umeungwa. Godoro, la mwaka jana, zima. Wote wanasaini. Yule wa pasi alipoondoka mama alimkata 15,000. Nikamuuliza mbona kidogo hivyo, meza mpya ni zaidi ya mara tatu. Akanishangaa: "Kwani alichoma meza mpya?"

Jibu hilo lingetosha kuwa sheria ya mji mzima. Nikivunja kiti chako cha miaka sita, nilipe kiti cha miaka sita. Nikiacha bomba la jikoni wazi likaharibu kabati, nilipe, tena bila kubembelezwa. Lakini friji tukikubaliana uhai wake ni miaka kumi, basi ya 2013 ilikuwa imeshapita umri wake ilipozimika mwaka 2024, na hakuna thamani ya kunidai. Kwa hiyo mwaka wa kununuliwa uandikwe kwenye orodha, ndio muhimu kuliko hata jina la kitu. Picha za simu zipigwe siku hiyohiyo, chini ya kitanda pia, na kila mmoja abaki nazo.

Watu huniambia, si kuna sheria? Ile ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi aikabidhi ikiwa inafaa kuishi binadamu, na hilo ni jema, ila godoro na friji zinabaki kwenye karatasi mliyosaini wenyewe. Likishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtumishi wa kuomba ruhusa kila tarehe ya kesi hujiuliza mara mbili kama amana ya 400,000 inalipa nauli na siku. Nilijiuliza, nikaacha. Hata kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ambayo ni ya mwenye jengo, kwa miezi ile 24 ilifika 33,000 na sikuidai.

Na vitu vyenyewe vya kuweka? Mimi ningefurahi kupewa vichache vilivyo vizima. Feni kila chumba cha kulala, kabla hujafikiria hita. Nyavu za mbu madirishani zisizo na tundu, na neti kitandani, maana mikoa yetu hii ya kusini malaria si hadithi, na neti iliyotoboka ibadilishwe na mwenye nyumba kama anavyobadilisha bati linalovuja. Chaga kamili. Jiko la gesi likabidhiwe na mpira mpya na regureta mpya kila anapoingia mpangaji, hilo sitaki hata kujadiliana, mpira uliopasuka unaua. Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaoruka kinauzwa bei ya kilo chache za samaki. Kabati liwe la mbao halisi na liinuliwe kutoka sakafuni, kwa sababu zile za unga wa mbao, kwa unyevu wa hapa, mvua moja tu zinavimba kama andazi, na mchwa wanamalizia.

Godoro nalisema peke yake. Kwa mpangaji wa muda mrefu, mwenye nyumba anunue jipya au aseme mapema kwamba haweki, mtu aje na lake na kodi ipungue. Godoro la mtu usiyemjua, lililolaliwa na wanne kabla yako, halifai kuitwa samani. Sufuria, vikombe, mashuka na yale makabati ya vioo ya kuwekea maua ya plastiki bakini navyo, hatuvihitaji.

Mpangaji naye afagie, afute chumvi madirishani, asipike juu ya kochi, atoe taarifa kitu kinapoanza kulia na siyo kinapokufa. Friji yangu ilikuwa inakoroma tangu Desemba na mimi nikanyamaza. Hapo nilichelewa.

Niliondoka Januari 2025. Mwenye nyumba akamtuma kijana wake na karatasi ya madai. Friji: 400,000. Yaani friji ya miaka kumi na moja, ambayo fundi alisema haifai kutengenezwa, ilipatikana kuwa na thamani sawa na amana yangu hadi shilingi ya mwisho. Chini yake palikuwa na mstari wa pili: "feni imetoweka." Nikamwonyesha risiti ya feni. Akaisoma, akasema ataifikisha kwa mzee. Amana haijarudi.

Sasa nakaa Magomeni ya hapa Mtwara, nyumba tupu. Nina kitanda cha seremala wa hapahapa, godoro langu, friji ndogo na feni ileile. Wiki iliyopita dalali mmoja asiyejua nilikotoka amenitumia picha kwenye WhatsApp za nyumba nzuri Shangani, karibu na bahari, ina kila kitu ndani, 450,000. Nikaikuza picha ya jikoni. Friji ipo palepale, imefutwa vumbi, imefunikwa kitambaa cha kudarizi juu, na waya wake umechomekwa ukutani.

Mpangaji wa zamani wa Shangani,
Mtwara