Trekta isipasuliwe kwa klachi iliyoganda

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia huku kwetu kaskazini mwa Malindi, trekta zilizolala tangu msimu uliopita huamshwa kwa pamoja, na hazikosi zile ambazo injini huwaka vizuri lakini gia hukataa kuingia na kubaki kusaga meno hata klachi ikikanyagwa hadi chini. Mwenyewe huambiwa kwamba klachi imekufa na sharti trekta ipasuliwe katikati, yaani injini itenganishwe na gia ili klachi ifikiwe, kazi ya siku kadhaa ambayo gharama yake inaweza kula faida yote ya kulimia watu. Klachi zilizokwisha zipo. Ninalopinga ni kupasua kabla ya kupima.

Mimi yalinifika hayo baada ya trekta yangu kusimama miezi saba chini ya mwembe, nikiwa nimeifunika turubai kwa kudhani naihifadhi, kumbe nimeufungia unyevu ndani. Sahani ya klachi hubanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) na pleti ya chuma, na hewa yetu ya chumvi ikipenya humo kutu huzigandisha, ndiyo maana pedali hushuka kama kawaida ilhali sahani inaendelea kuzunguka na injini. Fundi mmoja mzee wa Gongoni alianza kwa kukagua pedali na fimbo yake, maana zikilegea dalili huwa ni hizo hizo. Aliporidhika, aliiacha injini iungurume nusu saa hadi joto lifike kwenye klachi, akaizima, akaziunganisha pedali mbili za breki, akawaondoa watoto wote shambani (hapo hakuwa na mzaha), akatia gia ya juu na kuiwasha huku amekanyaga klachi. Trekta iliruka mbele. Akawa anaongeza mafuta na kuyapunguza, akishika breki kwa vipindi bila kuuondoa mguu kwenye klachi, hata mara ya nne au ya tano tukasikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjika; trekta ikasimama na injini bado inanguruma, na vumbi jekundu likamwagika kwenye tundu lililo chini ya klachi.

Trekta yenye swichi inayoizuia kuwaka ikiwa ndani ya gia ivutwe na nyingine, swichi isichezewe. Wako pia wanaomimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu hilo. Sahani ikishalowa mafuta huteleza, na hapo itapasuliwa kweli.

Siku hizi naiweka bandani penye kupita upepo, naiendesha kidogo kila baada ya wiki mbili, na ikilala pedali hukaa imeshuka hadi mwisho, hasa kwa kuwa klachi yake ni ya hatua mbili: pedali ikifika nusu huachia gia tu, na sahani ya pili, ya kuendeshea mashine za nyuma, huachia ikifika mwisho. Huizuia kwa kipande cha boriti ya mkoko nilichokikata kwa kipimo cha kukaa kati ya pedali na fremu ya kiti, na nimekifunga kamba nyekundu hadi kwenye usukani ili atakayetaka kuwasha akumbuke kukitoa.

Mkulima,
Mambrui, Malindi