Kushika hisa miaka mingi si kinga

Mheshimiwa Mhariri,

Hapa Lubumbashi, ambako vijana wengi huzungumzia hisa za masoko ya nje kwa kuwa nchi yetu haina soko lake, nasikia mara nyingi kwamba anayenunua na kungoja miaka mingi hawezi kupata hasara. Kauli hiyo inanitia wasiwasi mkubwa, maana wanaoiamini huweka humo hata fedha za masomo ya watoto na zile walizopokea katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana.

Muda husaidia, lakini hauahidi kitu. Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa katika soko la Tokyo, kilifika kilele mwishoni mwa 1989, kikaanguka, na hakikuvuka kilele hicho hadi Februari 2024. Aliyenunua siku ile akiwa na miaka 40 alikuwa na 74 (gawio, yaani sehemu ya faida ya kampuni aliyopokea njiani, lilimpunguzia machungu, sikatai). Nchini Marekani nako, S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa zipatazo 500, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009. Soko zima lilipanda tena, ila kampuni moja ikifilisika haimrudishii mtu hisa zake hata aisubiri maisha yote, na sisi watu wa shaba, tunaojua jinsi bei yake inavyotikisa mji huu, hatupaswi kuweka akiba yote katika kampuni moja ya madini.

Naomba gazeti lako liyaeleze haya kabla mwaka wa shule haujaanza.

Msomaji wako,
Lubumbashi