Barua kwa Neema: kwa nini hatukushangilia

Goma, Mei 2025

Mpendwa dada Neema,

Salamu zako kutoka Nakuru zimefika, na nimefurahi kusikia mtoto amepona. Umeniuliza mbona tangazo la Doha la tarehe 23 Aprili, kwamba serikali yetu ya Kongo na waasi wa M23 watasitisha mapigano, halikututoa nje kushangilia.

Kumbuka Desemba 2023, Marekani ilipotangaza saa 72 za kunyamazisha silaha. Siku hizohizo askari wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwemo wa huko Kenya, walikuwa wanafunga virago. Waliopaswa kutazama nani anavunja ahadi ndio waliokuwa wanaondoka! Julai 2024 zikaja wiki mbili za kusitisha mapigano, zikaongezwa hadi mwanzo wa Agosti, na mji wa Kanyabayonga ulikuwa umeanguka mikononi mwa M23 siku chache tu kabla. Wiki mbili zinamtosha nani, dada? Zinamtosha mwenye malori, awe wa upande wowote: anapandisha risasi mlimani, anachimba mahandaki, anapumzisha waliochoka na kuleta wapya. Mkulima wa Masisi hazimtoshi. Maharage yanataka karibu miezi mitatu shambani. Akirudi kupanda, anafukia mbegu zake za mwisho bila kujua nani atavuna. Akibaki kambini, msimu unampita na watoto wanaendelea kungoja mgao. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mwaka huu M23 walitangaza wenyewe kusitisha mapigano kuanzia tarehe 4 Februari, wiki moja tu baada ya kuingia hapa mjini. Kesho yake wakachukua mji wa Nyabibwe, na katikati ya mwezi walikuwa Bukavu. Tangu hapo, redio ikisema mapigano yamesitishwa, majirani wanakimbilia kununua unga na makaa. Mabomu yakilia, angalau unajua yanatokea wapi na ukimbilie wapi. Yakinyamaza, unakaa umekaza mwili, unahesabu pikipiki zinazopita usiku. Mama haoni usingizi. Watoto wanalala na viatu.

Usidhani nadharau siku za utulivu. Usiku mmoja bila risasi, mjamzito anafika kituo cha afya, majeruhi anavushwa. Nazitaka siku hizo, tena nyingi. Ninachotaka zaidi ni watu wa kusimama barabarani, waangalie malori yamebeba nini, na waseme hadharani aliyefyatua ni nani. Wakikuuliza huko kanisani muwaombee nini watu wa Goma, waambie hilo.

Kuhusu pesa za shule: usitume benki, bado zimefungwa, na uwanja wa ndege vilevile. Tafuta mtu anayepitia Gisenyi, upande wa Rwanda, aniandikie kabla hajafika mpakani, nitamfuata mwenyewe.

Wako,
Furaha