Kabla hujaanza zamu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimefurahi mno umepata kazi ya uuguzi, nimewatangazia hata wasioniuliza. Ila hilo la kompyuta itakayokupangia ni mgonjwa yupi wa kuonwa kwanza limeninyima usingizi, nawe umelitaja kama jambo dogo.

Utamtazama mgonjwa usoni, au utatazama namba aliyopewa na kompyuta?

Usiniambie mashine haina upendeleo. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa utafiti kuhusu programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kuongezewa huduma. Ukubwa wa ugonjwa iliukisia kwa gharama za matibabu. Fedha zilizotumika kuwatibu wagonjwa Weusi zilikuwa kidogo, basi ikawaona wana nafuu kuliko Weupe wanaoumwa sawa na wao. Hakuna aliyeiagiza ibague. Ilihesabu ilichopewa kuhesabu.

Wewe unamjua mtu mwenye maumivu kabla hajafungua mdomo, hilo sijawahi kulitilia shaka. Lakini mkubwa akisema, unanyamaza, hata ukiwa na haki. Nimekusema kwa hilo tangu shule na hukubadilika. Siku namba itasema wa kitanda cha mwisho hana tatizo, nawe unamwona anatweta, utafanyaje? Mwite daktari. Wakikukaripia, mwite tena.

Sikatai mashine. Ikeshe ikipima mapigo ya moyo, maana binadamu husinzia. Lakini kuamua nani asubiri ni kazi ya mtu atakayeulizwa kesho kwa nini.

Alikuwako profesa mmoja, Joseph Weizenbaum, aliyeunda programu ya kuongea na watu, ELIZA, akaieleza kwa maandishi mwaka 1966. Ilikuwa ikichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, basi. Katibu wake, aliyemwona akiiunda, alimwomba atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Profesa alishtuka, na miaka iliyofuata akawa anaonya watu kuhusu kazi zisizofaa kuachiwa kompyuta. Habari hiyo niliipata nimechelewa.

Simu ya Bibi yako bado iko kabatini. Baada ya mazishi niliifungua nikasoma maongezi yake na ile programu niliyomwekea asijisikie mpweke. Aliiuliza mara nne kama nitakuja Jumapili. Ikamjibu kwa upole, mara zote nne. Nilikuwa na kazi nyingi miezi ile, unajua.

Kitasa cha chumba chako kimetengenezwa. Mdogo wako anataka kuhamia humo, nimemwambia akuombe mwenyewe. Kadi yako ya chanjo ilikuwa chini ya droo, nitakutumia, maana najua wataidai siku ya kwanza nawe utasema umeisahau. Nunua viatu vyenye soli laini, wagonjwa walale.

Na swali langu hujalijibu. Nijibu kabla hujaanza zamu.

Mama yako