Barua ya malalamiko: Maji mliyonishauri kujazia yameua matumbawe yangu

Mwanga,
Kigoma.
21 Oktoba 2024

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VIPANDE VITATU VYA MATUMBAWE VILIVYOKUFA KWA USHAURI WA WAUZAJI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mwaka huu nilinunua kwenu tangi la kioo la lita 200, taa, pampu mbili, hita, ndoo ya chumvi ya bahari na vipande vitano vya matumbawe hai: Acropora moja, Montipora mbili na Euphyllia moja, ambayo ni matumbawe magumu, na tumbawe laini moja. Stakabadhi zote ninazo. Leo vipande vitatu vimekufa, na kilichoviua nimekijua kwa kupima, si kwa kubahatisha. Ni maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo kijana wenu wa mauzo aliniambia niyatumie kujazia tangi, na juu yake ni dawa ya kuongeza kaboneti (chumvi ambayo matumbawe huitumia pamoja na kalsiamu kujenga mifupa yao) mliyoniuzia mara mbili bila kuniuliza kipimo hata kimoja.

Naomba muelewe kwanza tangi hili ni nini kwangu. Nimezaliwa Mafia. Utoto wangu wote niliogelea juu ya miamba, na mpaka leo nikifumba macho nayaona yale matumbawe yaliyopangana kama sahani, samaki wakipita chini yake. Ualimu ulinileta Kigoma, nikaoa Ujiji, na binti yetu aliye darasa la sita hajawahi kutia mguu baharini. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, na baada ya hapo bado kuna safari ya kuvuka kwenda kisiwani. Nilidunduliza miaka miwili ili walau kipande cha bahari kimfuate yeye. Wala sikutaka mtu avunje mwamba wa kwetu kwa ajili ya sebule yangu. Ndiyo maana kabla ya kulipa niliomba kuona kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa kuwa matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Mlinionyesha, vipande vilikuwa vimekuzwa shambani, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Maji ya kuanzia niliyanunua kwa madumu kwenye duka linalouza maji ya kunywa yaliyochujwa, nikakorogea chumvi yenu humo. Nilipompigia kijana wenu kuuliza maji ya kujazia yanayopungua kila siku, akasema nisijigharimu bure, maji ya Tanganyika ni masafi kuliko ya chupa, niyaache ndoo usiku kucha klorini itoke kisha nitumie. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na tangi nayo inasema tu: "Jazia maji safi yasiyo na klorini." Maji yetu ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani. Nikafanya hivyo hivyo.

Aprili kila kitu kilikuwa kizuri. Binti yangu alichora mstari wa wino kwenye kioo, na kila jioni alijaza kwa jagi mpaka maji yafike mstarini, akiandika kwenye daftari la kaunta lita alizotia, joto, na uzito wa maji ya chumvi. Daftari hilo ni ushahidi wangu, nitalirudia. Mei nikaona ukoko mweupe kwenye hita na kwenye mdomo wa pampu. Nilidhani ni chumvi. Juni kiangazi kilipokaza na upepo ukaanza, maji yakawa yanapungua lita 3 kwa siku, na hapo ndipo ncha za Acropora zilipogeuka nyeupe kama zimeunguzwa na moto. Montipora zote mbili zikaanza kumenyuka kuanzia pembeni, nyama ikirudi nyuma na mifupa ikibaki wazi. Euphyllia, ambayo binti yangu aliipenda kuliko zote kwa sababu minyiri yake hucheza kama majani ya mtama, ikajikunja na kubaki imejikunja.

Nikawapigia simu. Mtu wa kwanza alisema taa ni hafifu, niipandishe mwanga. Niliipandisha, hali ikawa mbaya zaidi. Wa pili alisema matumbawe yana njaa ya kaboneti, akaniuzia chupa ya dawa ya kuiongeza. Nilipomaliza ya kwanza pasipo nafuu, akaniuzia ya pili na kuniambia niongeze dozi. Hakuna aliyeuliza: mzee, kaboneti yako inasoma ngapi? Na hata wangeuliza, nisingekuwa na jibu, maana sanduku la vipimo mliloniuzia lina vipimo vya amonia, nitriti na nitreti, yaani uchafu unaotoka kwa viumbe wa tangini, na pH pekee. Acropora ilikufa wiki mbili baada ya kuanza chupa ya pili.

Baada ya hapo niliacha kusikiliza simu, nikaanza kuondoa shaka moja baada ya nyingine. Joto halikuwa kosa: daftari linaonyesha nyuzi 25 hadi 27 tangu Machi, hata siku za kukatika umeme, kwa sababu Kigoma si mahali pa baridi, na pampu moja inatembea kwa betri. Chumvi haikuwa kosa: uzito wa maji, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ulisimama kwenye 1.025 kama ya bahari. Taa niliirudisha ilipokuwa. Amonia na nitriti sifuri, nitreti kidogo tu. Nikabaki na vitu viwili ambavyo sikuwa na uwezo wa kuvipima, kaboneti na kalsiamu. Nikaagiza vipimo vyake kwa fedha yangu, vikafika kwa basi mwishoni mwa Julai.

Tangi lilisoma kaboneti dKH 14.6 (dKH ni kizio cha kupimia kaboneti kwenye maji). Maji ya bahari ya kawaida huwa kati ya 7 na 8. Kalsiamu ilikuwa miligramu 310 kwa lita, wakati baharini huwa kama 410. Kisha nikapima maji ya ndoo, yale ya kujazia. Yakasoma dKH 18. Nilirudia mara tatu, mara ya tatu nikamwita mwalimu mwenzangu wa kemia ahesabu matone mwenyewe.

Maji yaliyokuwa yanaingia kila jioni yalikuwa na kaboneti zaidi ya mara mbili ya bahari yenyewe. Kinachopanda hewani kutoka kwenye tangi ni maji matupu, kaboneti hubaki. Lita 3 kwa siku ni lita 90 kwa mwezi. Gawanyeni kwa lita 200 za tangi mtaona kwamba kila mwezi wa kiangazi nilikuwa naongeza karibu dKH 8, mbali na dawa yenu. Lita 20 nilizokuwa nabadilisha kila mwezi hazikuweza kulipunguza hilo. Sehemu ya kaboneti ilikamatana na kalsiamu ikaganda, na ule ukoko niliodhani ni chumvi ni chokaa: nikiudondoshea siki unatoa povu. Kipimo cha uzito wa maji hakikuonyesha kitu, kwa sababu maji ya ziwa yana jumla ya chumvi zisizofika hata gramu moja kwa lita, na bahari ina kama gramu 35. Ndiyo maana tulidanganyika muda wote huo na daftari letu likionekana safi.

Sisi tunaoishi hapa tunajua ziwa letu si maji ya kawaida. Mto Ruzizi unaleta chumvi kutoka Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi ya ziwa huondoka kwa mvuke na kuacha chumvi nyuma. Hicho ndicho kilichotokea kwenye tangi langu, kwa miezi michache badala ya maelfu ya miaka. pH yake ni karibu 9. Kabla ya matumbawe nilifuga wale samaki wadogo wa ziwani wanaotaga ndani ya makombe ya konokono, kwa maji hayo hayo ya bomba, wakazaana mpaka nikawagawa kwa majirani. Samaki hao wameumbiwa maji hayo. Tumbawe limeumbiwa mengine, na kampuni inayouza matumbawe Kigoma ina wajibu wa kulijua hilo kabla yangu mimi mnunuzi. Maji hayakuwa machafu, na kijana wenu hakudanganya aliposema ni masafi. Alichokosea ni kudhani kwamba usafi unatosha.

Nilipowaandikia Agosti na vipimo hivi, mlijibu kwa mistari minne: umeme wa mikoani hauaminiki, vifo vya matumbawe haviko kwenye dhamana. Jibu hilo liliniumiza kuliko hasara yenyewe. Nilikuwa nimeambatanisha kurasa za daftari zenye joto la kila siku, kwa mwandiko wa mtoto, na ni dhahiri hakuna aliyezifungua.

Tangu hapo nimerudi kwenye maji ya dumu kwa kujazia, yanayosoma dKH 1. Dawa yenu nimeitupa. Kila siku ya nne nabadilisha lita 20 kwa maji mapya ya chumvi, taratibu, kwa kuwa kuishusha kaboneti kwa ghafla nako kunaua. Imechukua wiki sita kutoka 14.6 hadi 9.5. Montipora zote mbili hazikungoja, zilikwisha kufa kabla ya katikati ya Agosti. Tumbawe laini lilipona bila shida. Euphyllia imepoteza nusu ya nyama yake.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie bei ya vipande vitatu, ambayo kwa stakabadhi zenu ni shilingi 460,000, na bei ya chupa mbili za dawa, shilingi 76,000. Sidai bei ya tangi wala taa, ni vifaa vizuri. Lakini zaidi ya fedha, nataka karatasi ya maelekezo ibadilishwe iseme wazi kwamba maji ya kujazia yawe yaliyochujwa kwa osimosi, yaani kwa utando unaozuia chumvi, au yaliyokenekwa, na kwamba ya ziwani, ya kisima na ya bomba yapimwe kwanza. Nataka vipimo vya kaboneti na kalsiamu viwemo kwenye sanduku analopewa anayenunua matumbawe magumu, na mtu yeyote kwenye simu yenu asiuze dawa ya kaboneti kabla ya kuuliza inasoma ngapi. Kijana wenu aliniambia mna wateja wengine wawili huku Kigoma. Wapigieni leo. Inawezekana kwao ukoko mweupe umeshaanza kwenye hita na wanadhani ni chumvi, kama nilivyodhani mimi.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya tarehe 11 Novemba 2024. Lisipofika, nitapeleka stakabadhi, daftari na nakala ya barua hii Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na niliyoambiwa kwenye simu ni upotoshaji hata kama hayakukusudiwa.

Jumamosi iliyopita Euphyllia ilifungua minyiri upande mmoja, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Binti yangu ameiandika kwenye daftari na saa yake, saa mbili na robo asubuhi. Chumvi niliyobakiwa nayo inatosha kubadilisha maji mara nne, na ndoo inayofuata nitaiagiza kwenu au kwingine kutegemea jibu lenu.

Wenu katika kungoja jibu,

Mteja wenu,
Mwanga, Kigoma.

Viambatisho: nakala za stakabadhi, kurasa 31 za daftari, picha za hita na za vipande vilivyokufa.