Darizi za wanawake zipewe hadhi ya sanaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyoyaona katika maonyesho ya darizi za wanawake, kazi zilizojaa mzaha na kejeli, ambazo kwa maoni yangu waandaaji hawakuzitendea haki.

Kazi iliyonisimamisha kwa muda mrefu ni kitambaa cheupe cha meza kilichozungushiwa maua ya waridi, na katikati yake, kwa herufi za madaha zilizoshonwa kwa mshono wa mnyororo, yakasomeka maneno haya: “Leo kila mtu ajipikie.” Watu walicheka, nami nikacheka, lakini nilipoinama na kuona jinsi mishono ilivyobanana, nikatambua kwamba aliyeiandika sentensi hiyo fupi alikaa nayo mapajani kwa siku nyingi, na hasira iliyoweza kusubiri kiasi hicho si ya kupuuzwa.

Kejeli hiyo inachoma kwa sababu kwa karne nyingi, katika nchi nyingi, binti alifundishwa kudarizi ili ajifunze kutulia, kuinamisha kichwa na kunyamaza, na sasa ufundi uleule ndio unaosema aliyokatazwa kuyasema. Wala si jambo jipya. Mary, Malkia wa Scotland, aliyezuiliwa Uingereza kuanzia mwaka 1568 chini ya Elizabeth wa Kwanza, alidarizi paka wa rangi ya chungwa akiwa na panya. Na kwa kuwa Elizabeth alikuwa na nywele nyekundu, wengi wameliona humo dongo alilorushiwa. Mwaka 1912, wanawake waliofungwa katika gereza la Holloway, London, kwa kupigania haki ya kupiga kura, walidarizi saini zao kwenye leso. Huko Chile, wakati wa utawala wa Augusto Pinochet, wanawake ambao ndugu zao walikamatwa wasionekane tena walishona vipande vya nguo kuukuu vikawa picha za msiba wao, na picha hizo zikavushwa hadi nchi za nje.

Hayo yote hayakuwapo ukutani. Vibao viliandikwa “kazi za mikono” basi, na kazi kadhaa hazikuwa na jina la mshonaji, ilhali katika ukumbi wa pili kila picha ya rangi ilikuwa na jina la mchoraji, mwaka na vifaa alivyotumia. Isitoshe, kila kitambaa kilibanwa ndani ya fremu, hata mgeni asiweze kuona upande wa nyuma, ambako mafundo na nyuzi zilizorukishwa humwonyesha mkono ulianzia wapi na ulirudia wapi.

Kwa kuwa maonyesho bado yanaendelea, nawaomba waandaaji wabandike majina ya washonaji, isipokuwa wale waliotaka wenyewe kutotajwa, waeleze mishono iliyotumika, na baadhi ya vitambaa wavitundike katikati ya ukumbi ili vitazamwe pande zote mbili.

Mpenzi wa sanaa za nguo