Poda ya Talki: Inapofaa na Pasipopaswa Kufika

Wateja wanaotuuliza kama poda ni salama huwa tunawajibu kwa swali: unakusudia kuipaka wapi, na ni nani atakayekuwa karibu nawe wakati unaipaka? Talki safi iliyopakwa kidogo kwenye ngozi nzima ya mtu mzima hutumika kwa kawaida bila tatizo, lakini talki hiyohiyo ikivutwa kwa wingi na mtoto mchanga inaweza kumziba pumzi na hata kumuua. Ndiyo sababu hatupendi kuiuza bila maelezo.

Talki ni jiwe lililosagwa. Ni madini yenye magnesiamu na silika, laini kuliko madini mengine yote, kiasi kwamba katika kipimo cha ugumu cha Mohs limepewa namba 1 na ukucha unatosha kulikwaruza. Jiwe hili limepangika kwa matabaka membamba sana yanayoteleza moja juu ya jingine, na ukisugua unga wake kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada utauhisi utelezi kama wa kipande cha sabuni kavu. Utelezi huo ndio unaopunguza msuguano makwapani na mapajani, na unga wenyewe husaidia kushika mafuta na unyevu. Hata hivyo, talki haiyeyuki katika maji. Iliyo juu ya ngozi huondoka ukioga, ila iliyofika ndani kabisa ya mapafu haina njia rahisi ya kutoka.

Katika tiba, talki ina kazi ambazo watu wengi hawazijui. Viwanda vya dawa huichanganya kwa kiasi kidogo ili unga wa vidonge usigande kwenye mashine. Hospitalini, mgonjwa ambaye maji hujaa mara kwa mara kati ya pafu na ukuta wa kifua, hasa kutokana na saratani, anaweza kutolewa maji hayo kisha akawekewa talki maalumu isiyo na vijidudu; talki huuchokoza utando wa pafu na ule wa ukuta wa kifua mpaka vinashikamana, na nafasi ya maji kujikusanya inatoweka. Uwezo huohuo wa kuchokoza umewahi kuleta madhara. Zamani glavu za madaktari wa upasuaji zilipakwa talki, na chembe zilizobaki tumboni mwa wagonjwa zikasababisha vinundu na kufanya utumbo ushikamane. Wanga ulichukua nafasi yake, nao ukaonekana kuwa na matatizo yake, hata Marekani ikapiga marufuku glavu za kitabibu zenye unga kuanzia Januari 2017. Kwa hiyo tunaomba sana: usinyunyize poda kwenye kidonda, hata kama nia yako ni kukikausha. Poda ya nyumbani si dawa ya vidonda, wala haitibu fangasi.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni saratani, na hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni asbesto, madini yenye nyuzinyuzi ambayo yanajulikana bila shaka yoyote kuwa yanasababisha saratani, na ambayo wakati mwingine hupatikana katika miamba ileile inayochimbwa talki. Mtumiaji hawezi kuitambua kwa macho wala kwa harufu. Maabara ndiyo inayoitambua, kwa hadubini zenye nguvu. Poda isiyoonyesha mtengenezaji wala namba ya toleo haistahili kununuliwa, hata iwe nyeupe na yenye kunukia namna gani.

La pili ni talki yenyewe. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka talki katika kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari kwa kila anayejipaka. Upande wa saratani ya ovari, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliojumuisha wanawake 252,745, haukupata uhusiano ulio wazi kitakwimu kati ya ugonjwa huo na kujipaka poda sehemu za siri, ingawa tafiti nyingine zimeonyesha uhusiano. Msimamo wetu ni kwamba poda isipakwe sehemu za siri wala kwenye pedi, kwa sababu faida yake hapo ni ndogo mno kulinganisha na shaka iliyopo.

Kuhusu watoto wachanga hatuna shaka hata kidogo: hatushauri poda. Simama karibu na dirisha linaloingiza jua, utikise kopo mara moja, kisha tazama jinsi vumbi linavyobaki likielea hewani hata baada ya mkono wako kutulia; hiyo ndiyo hewa anayoivuta mtoto aliyelala hapo chini. Poda ya wanga wa mahindi haina hofu ya asbesto, lakini nayo ni vumbi. Ngozi ya mtoto inalindwa vizuri zaidi kwa kumbadilisha nepi mapema, kumsafisha kwa maji, kumkausha kwa kumgusagusa na kitambaa laini bila kumsugua, na kumpaka krimu yenye oksidi ya zinki akianza kuwa mwekundu.

Mtu mzima anayetumia poda aimimine kiganjani, mbali na uso, aipake kwa mkono, kisha afunge kopo na kuliweka mahali ambapo mtoto hafiki. Ikitokea mtoto amejimwagia poda usoni na kuivuta, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe, hata kama kikohozi kimetulia, kwa kuwa shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.